Programu huria bila bando: kisa cha Nnenna Nwakanma

Nianze na kilichonisukuma kuandika. Mwaka 2016 nilikuwa nasimamia chumba cha kompyuta kwenye shule moja ya sekondari huku Nyanda za Juu, kompyuta 12, zote mtumba, zote zimejaa virusi kwasababu ya flashi za wanafunzi na Windows ya kuchakachua ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Nikaamua natoa kila kitu naweka Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao ni programu huria, unakaa badala ya Windows. Flashi yenye Ubuntu nilipewa na rafiki yangu wa Mbeya mjini, kuinstoli kulichukua siku mbili, wanafunzi wakafurahi, mashine zikawa nyepesi. Alafu ndo zikaja apdeti. Kila mashine inataka kama MB 400 na shule haina intaneti, modemu ni yangu na bando ni langu, sasa piga hesabu MB 400 mara 12 ni karibu GB 5, kwa mshahara wangu wa wakati ule hiyo ilikuwa hela ya unga na mkaa. Nikaapdeti mashine 2, zile 10 zikakaa hivohivo mwaka mzima.

Iliniuma sana. Programu yenyewe sikulipia hata senti, leseni inaniruhusu nitumie, nikopi, nigawe, nibadilishe nitakavyo, lakini barabara ya kuifikia ina mageti na kila geti lina bei yake. Kipindi hichohicho nikawa nafuatilia hotuba na mahojiano ya mama mmoja Mnaijeria anayeishi Abidjan, Nnenna Nwakanma, ambaye alianzia kwenye kutetea programu huria akaishia kupigania bei ya bando. Wapo wanaosema alihama, aliacha mambo ya programu akaenda kwenye mambo ya sera na mikutano ya kimataifa. Mi naona hakuhama hata hatua moja, na nataka nieleze kwanini, maana kisa chake kinatueleza kitu kuhusu sisi tunaofanya kazi hizi huku chini.

Kwanza yeye ni nani. Jina Nnenna kwa Kiigbo ni mama wa baba, yaani bibi mzaa baba, jina anapewa mtoto wa kike kumkumbuka bibi wa upande huo. Sisi pia tunafanya hivo, unamkuta baba mzima anamwita binti yake wa miaka mitatu "mama" kwasababu amerithi jina la mama yake. Ni Mnaijeria lakini kazi na maisha yake yamekuwa Côte d'Ivoire, kwahiyo anatembea na Kiingereza mkono mmoja na Kifaransa mkono mwingine, na hili naomba msilipite haraka kwasababu Afrika yetu imegawanyika sana kwa lugha za waliotutawala, watu wa Dakar na watu wa Nairobi wanaweza kuwa na tatizo lilelile moja na wasijuane kabisa miaka 20. Hakuwa mtu wa kujulikana kwa kuandika msimbo. Alifanya kazi za habari na mawasiliano kwenye mashirika, alipita shirika la Helen Keller, akapita Benki ya Maendeleo ya Afrika, akapita pia kwenye ule Mfuko wa Mshikamano wa Kidijitali uliozinduliwa Geneva 2005.

Ule mfuko nao una habari yake. Wazo lilisukumwa na rais Abdoulaye Wade wa Senegal, kwamba kila kampuni ikishinda zabuni ya vifaa vya teknolojia ichangie asilimia 1 ya mkataba, hiyo asilimia ikasaidie nchi ambazo hazijaunganishwa. Wazo zuri, tena lilitoka kwetu. Ila uchangiaji ulikuwa wa hiari, na mfuko haukudumu, ukafungwa kabla ya muongo mmoja kuisha. Mtu aliyepita kwenye kitu kama hicho akaona kinavyokufa lazima atoke na somo fulani mwilini, na nadhani ndo maana baadae utamuona anadai namba na sheria, hadai ahadi.

Sasa FOSSFA. Hiki ni chama cha programu huria cha Afrika, wazo lilizaliwa kwenye kikao cha Addis Ababa 2002, kikazinduliwa rasmi Geneva Februari 2003 wakati dunia inajiandaa na ule mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari, na Nnenna ni mmoja wa waanzilishi, akaja kuwa mwenyekiti wa baraza lake. Wakati huohuo aliwahi kukaa kwenye bodi ya Open Source Initiative, chombo kinachosema leseni hii ni ya chanzo wazi, yaani msimbo wa programu uko wazi mtu yeyote auone na aubadilishe, na hii siyo. Kwa mwanamke wa Kiafrika kwenye ile miaka ya kuelekea 2010, kwenye ulimwengu ule wa wanaume wa Marekani na Ulaya, kile kiti hakikuwa kidogo.

Mikutano mikubwa ya FOSSFA iliitwa Idlelo, neno la kusini huko la Kixhosa na Kizulu, maana yake malisho ya pamoja, pale ambapo ng'ombe wa kijiji kizima wanachunga bila mtu kuweka uzio. Cape Town 2004, Nairobi 2006, Dakar 2008, Accra 2010, Abuja 2012. Kila nikilifikiria hilo jina naona waliochagua walijua wanachofanya, kwasababu mfugaji yeyote wa Kimasai au wa Kisukuma ukimwambia programu huria ni kama malisho ya wote atakuelewa papohapo, na atakuuliza swali la maana zaidi kuliko wengi wenye digrii: nani anatunza, na ng'ombe wanapitia wapi kufika hapo?

Hapa niingize jambo la lugha kidogo. Waingereza wana tabu kubwa na hii harakati kwasababu neno lao moja linabeba maana mbili, huru na bure, kwahiyo kila siku wanaanza kwa kujieleza kwamba hawazungumzii bei, wanazungumzia uhuru. Mfaransa hana tabu hiyo, ana maneno mawili. Na sisi tunayo, tena tuna matatu, huru, huria na bure. Tunasema programu huria kama tunavyosema Chuo Kikuu Huria, mlango uko wazi kwa kila mtu. Lakini pia tunasema soko huria, na wazee wetu waliopitia miaka ya themanini mwishoni na tisini wanajua soko huria lilivyokuja, mlango ukawa wazi kweli ila mwenye hela ndo aliyeingia. Kwahiyo neno letu lenyewe limebeba onyo ndani yake. Kitu kinaweza kuwa huria na bado wewe ukabaki nje umesimama.

Na ukiangalia historia ya programu huria Afrika utaona muda wote ilikuwa ni harakati ya usafiri. Hilo ndilo naona watu wanalisahau. Chukua hapa kwetu, 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili kabisa, kazi kubwa, istilahi zilitafutwa moja moja. Programu ya aina ile ilikuwa na uzito wa MB 70 na kitu. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde hiyo ni masaa matatu laini ikiwa safi bila kukatika, na nani alikuwa na laini safi masaa matatu, na nani alikuwa analipa hiyo dakika kwa dakika? Mkongo wa bahari wa kwanza kutufikia Afrika Mashariki, Seacom, umewashwa Julai 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tunapita satelaiti. Kwahiyo watu walikopiana CD. Ubuntu yenyewe, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kuanzia 2005 walikuwa wanatuma CD kwa posta duniani kote bila malipo, unajaza fomu, unasubiri wiki kadhaa, unaenda sanduku la posta unakuta bahasha. Afrika Kusini ziliwekwa mashine zinaitwa Freedom Toaster, unaenda na CD yako tupu inakuchomea Linux, ukoo wa mifumo huria ambao Ubuntu imo ndani yake, unaondoka. Yote hayo ni nini kama siyo kutafuta njia ya kupita mahali ambapo njia hakuna?

Alafu 2011 Ubuntu wakaacha kutuma zile CD. Siwalaumu, gharama ilikuwa kubwa na dunia ilikuwa inahamia kupakua mtandaoni. Lakini ona maana yake kwa mtu wa Sumbawanga au wa Korhogo kule Côte d'Ivoire: kuanzia hapo mlango wa programu huria ukawa ni intaneti peke yake. Ukitaka kuingia lipa bando. Kwahiyo mtetezi wa programu huria aliye makini, anayejali zimfikie nani, angeenda kupigana wapi kama siyo kwenye bei ya bando?

Niseme pia walichokutana nacho FOSSFA kwa serikali, maana hakikuwa chepesi. 2007 Afrika Kusini baraza la mawaziri lilipitisha sera ya kutumia programu huria serikalini, kila mtu akashangilia. Mwaka huohuo Naijeria kulikuwa na zile kompyuta ndogo za shule, 17,000, zilizoagizwa zije na Mandriva Linux, mfumo huria wa kampuni ya Mandriva, na mara ikasikika kwamba zikifika zitawekwa Windows, mpaka bosi wa Mandriva akaandika barua ya wazi kuilalamikia Microsoft hadharani. Serikali zetu ziko hivo, sera inapitishwa asubuhi, jioni anakuja mtu na ofa. FOSSFA walijaribu njia nyingine pia, kushirikiana na Wajerumani wa InWEnt kufundisha vijana namna ya kufanya biashara kwa programu huria, kwamba unaweza kuinstoli, kufundisha, kutengeneza na ukalipwa, na mi naona hiyo ilikuwa kazi bora kuliko matamko mengi. Ila chama kiliendeshwa na watu wa kujitolea na hela za wafadhili, na vyama vya hivo tunavijua, mfadhili akigeuka mkutano unakuwa mdogo, unaofuata unakuwa mdogo zaidi. Leo ukimuuliza kijana wa IT aliyemaliza juzi habari za Idlelo wengi hawajawahi kulisikia hilo neno, na hilo linanisikitisha.

2013 Nnenna akaingia World Wide Web Foundation, taasisi ya Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti, akiwa mratibu wa Afrika. Oktoba mwaka huohuo ndo ukazaliwa muungano wa intaneti ya bei nafuu, A4AI, uliolelewa na taasisi hiyohiyo. Na Aprili 2014 inakuja siku ninayoiita kiini cha kisa hiki.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Juni 2013 Edward Snowden ametoa siri za ujasusi wa Marekani, ikajulikana mpaka mawasiliano ya rais wa Brazil Dilma Rousseff yalikuwa yanasikilizwa, yule mama akaenda Umoja wa Mataifa Septemba akaongea kwa ukali, alafu akaitisha mkutano São Paulo, NETmundial, tarehe 23 na 24 Aprili 2014, kujadili nani anaitawala intaneti. Ufunguzi ulikuwa mzito, Dilma alisaini palepale jukwaani sheria ya nchi yake ya haki za mtandao, Marco Civil, Berners-Lee yupo, Vint Cerf, mmoja wa waliobuni intaneti, yupo, mawaziri wamejaa. Na kwa niaba ya asasi za kiraia za dunia nzima anasimama mama wa Abidjan, anaanza: Jina langu ni Nnenna. Natoka Intaneti.

Ukumbi wa namna ile kila mtu anatambulishwa kwa nchi yake, ujumbe wa India, ujumbe wa Urusi, ujumbe wa Marekani. Kwetu Mswahili akikuuliza "kwenu wapi" hakuulizi anwani, anakuuliza watu wako ni nani, ukifa utazikwa wapi. Nnenna angeweza kusema Naijeria, angeweza kusema Côte d'Ivoire, akasema kwetu ni Intaneti. Nilivyoisikia mara ya kwanza nilidhani ni maneno mazuri ya kufungulia hotuba tu. Baadae nikaelewa alikuwa anaweka mtego, kwasababu sentensi ile ukiisema lazima swali lifuate lenyewe: na wengine je? Mwaka ule ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walikadiria watu kama asilimia 40 tu ya dunia wako mtandaoni, Afrika ni karibu asilimia 20. Kati ya Waafrika watano, wanne hawana uwezo wa kuisema ile sentensi. Na alipoendelea ndipo alipoelekea, kwamba kabla hatujabishana nani anatawala intaneti kuna watu wengi hawajafika hata mlangoni, kisha haki, kisha uhuru wa mtu asichunguliwe. Wakati ukumbi mzima akili yao iko kwa Snowden na ujasusi, yeye alileta mezani mtu asiye na bando. Hakudharau suala la ujasusi. Alikataa tu suala la watu wa nje ya mlango lisogezwe ajenda ya mwisho, pale ambapo mawaziri wameshaanza kuangalia saa.

Tamko la mwisho la São Paulo halikuwa na nguvu ya sheria na baadhi ya nchi hazikuridhika nalo. Kwahiyo ukiuliza hotuba ilibadilisha nini siku ile, jibu la haki ni kwamba haikubadilisha bei ya bando hata kwa shilingi. Nasema hivi kwasababu tunapenda sana hotuba sisi.

Ila kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu, yeye na wenzake. Waligeuza kilio kuwa namba. Kabla yao lengo la kimataifa lilikuwa intaneti ya msingi isizidi asilimia 5 ya wastani wa kipato cha mwezi, na ile ya msingi ilihesabiwa kama MB 500. A4AI wakasema hapana, MB 500 mtu anafanyia nini, na asilimia 5 inawaacha maskini nje. Wakaja na "1 kwa 2", GB 1 isizidi asilimia 2 ya kipato cha wastani cha mwezi. Nnenna na timu yake ya Afrika wakaibeba hiyo namba nchi kwa nchi, kwa wasimamizi wa mawasiliano, kwa wabunge, kwa waandishi. Januari 2018 tume ya Umoja wa Mataifa ya broadibendi, yaani intaneti ya kasi, ikaichukua asilimia 2 kuwa lengo lake, ifikiwe 2025.

Kwanini 2 na siyo 5? Fanya hesabu na mimi, ni mfano tu. Tuseme nchi ina kipato cha wastani cha 200,000 kwa mwezi. Asilimia 5 ni 10,000. Waziri atasema tumefikia lengo. Lakini wastani una mwenye mabasi ndani yake na una mama muuza mbogamboga ndani yake. Huyu mama anaingiza 60,000. Kwake ile 10,000 ni karibu asilimia 17 ya kila anachopata, hapo kuna kodi ya chumba, ada, mafuta ya taa. Ukishusha mpaka asilimia 2 ya wastani, bando linakuwa 4,000, kwake bado ni kama asilimia 7, bado ni nzito, lakini sasa unaweza kuzungumza nae. Hii ndo maana ya ile namba, ilitengenezwa ikimwangalia aliye chini. Mtu anayefanya kazi na wastani peke yake haoni, na serikali nyingi zinapenda wastani kwasababu wastani haulalamiki.

Hata hivo bado nina neno na hiyo namba. Nyuma yake bado kuna wastani, na yule mama bado anakatwa asilimia 7. Pia haihesabu simu yenyewe, na kwa watu wengi huku kijijini simu janja ndo ukuta wa kwanza kabla hata bando halijaja, mtu ana kitochi na atakaa nacho miaka sita. Na kuna ukuta wa tatu ambao ni wa kijinsia. Taasisi yao yenyewe ilifanya utafiti kwenye mitaa ya kipato cha chini ya miji kadhaa, Nairobi na Kampala zikiwemo, matokeo yakatoka 2015, yakaonyesha uwezekano wa mwanamke kuwa mtandaoni ni kama nusu ya ule wa mwanaume wa mtaa uleule. Mtaa uleule, mnara uleule, bei ileile. Kwahiyo bei siyo kila kitu, na kwa haki walilisema hilo wenyewe. 2018 wakaja na ripoti nyingine kuhusu ile mifuko ya mawasiliano kwa wote, hela zinazotengwa kufikisha mawasiliano kwa wasiofikiwa, hapa Tanzania unaitwa UCSAF, kwamba Afrika nzima kuna zaidi ya dola milioni 400 zimekaa kwenye mifuko hiyo hazijatumika, na wakapendekeza angalau nusu ya hela za mifuko iende kwenye kuwafikia wanawake. Dola milioni 400 zimekaa, na mi naapdeti mashine 2 kati ya 12. Niliposoma hiyo ripoti niliinuka nikatoka nje kwanza.

Alafu kuna kodi. Uganda Julai 2018 walianzisha kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 za kule kwa siku, WhatsApp, Facebook na Twitter, usipolipa hufungui. Kwa mtu anayenunua MB za siku moja moja hiyo kodi inaweza kukaribia bei ya MB zenyewe. Watu wakakimbilia VPN, programu za kupita kwa kujificha ili usizuiwe, baadae 2021 wakaiondoa wakaweka kodi ya asilimia 12 kwenye data. Na kuna kuzima kabisa. Kameruni mwaka 2017 maeneo yanayoongea Kiingereza yalikatiwa intaneti siku 93, vijana wa kampuni za programu za Buea wakawa wanasafiri kuvuka mkoa ili watume kazi kwa wateja. Uganda Januari 2021 walizima wakati wa uchaguzi. Sisi wenyewe hapa Oktoba 2020 mitandao ilibanwa, na tarehe 29 Oktoba 2025 tukazimiwa kabisa. Hapo hata bando lishuke liwe bure halikusaidii. Ndo maana naona ile hotuba ya São Paulo ilikuwa imefungwa vizuri, kufika, haki na uhuru kwa pamoja, ukitoa kimoja vingine vinaanguka.

Baada ya hapo Nnenna alishika kwa muda uongozi wa sera wa taasisi nzima, siyo Afrika peke yake, kisha akawa na cheo cha mtetezi mkuu wa wavuti. Novemba 2019 ukatoka ule mkataba wa wavuti wa Berners-Lee, serikali, kampuni na raia kila mmoja na ahadi zake. Nisiuseme sana, ahadi za hiari nimeshaeleza hapo juu nazionaje.

Na Septemba 2024 taasisi yenyewe ikafungwa. Sababu waliyotoa waanzilishi ni kwamba walipoanza 2009 walioko mtandaoni duniani walikuwa asilimia 20 na kidogo, sasa wanakaribia 70, wapo wengi wengine wanaopigania suala la kufika, na Berners-Lee anataka kuweka nguvu kwenye mambo ya mtu kumiliki data zake. Naheshimu uamuzi wao. Lakini ile karibu 70 ni wastani wa dunia, na tumeshaona wastani unavyofanya kazi. Mwaka huohuo 2024 ITU waliweka Ulaya asilimia 91 na Afrika 38. Kutoka karibu 20 mpaka 38 ndani ya miaka kumi, siyo kidogo, kuna watu walivuja jasho hapo. Ila 38 bado ina maana katika Waafrika kumi sita hawapo. Na lengo la asilimia 2, wastani wa Afrika bado uko juu yake.

Hiki ndo kinanitia wasiwasi kwenye kazi ya aina ya Nnenna, siyo yeye, ni hizi nyumba anazojengewa mtetezi wa Kiafrika. Mfuko wa mshikamano ulifungwa. FOSSFA ilififia. Taasisi ya Berners-Lee imefungwa. Kila mara nyumba inabomolewa mtu anabeba ujuzi wake, namba zake za simu na majina ya wanaoaminika wa nchi 20 kichwani, anaanza tena. Tunapoteza kumbukumbu kila miaka kumi. Na wengi wa hizi nyumba hati yake iko Geneva au Washington, siyo Abidjan, siyo Dodoma.

Tena mwaka uleule 2024, Machi, mikongo minne ilikatika baharini karibu na Abidjan, mji wake mwenyewe, Côte d'Ivoire ikaumia kuliko nchi nyingi. Mei ikawa zamu yetu, mikongo ya EASSy na Seacom ikakatika kule kusini, Tanzania karibu nzima intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa.

Siku hizo nilikuwa bado kwenye kile chumba cha kompyuta. Ila sasa tulikuwa na mashine moja inayofanya kazi kama seva, inashusha apdeti mara moja usiku kwa bando la usiku, zile 11 zinachukua kutoka kwake kwa waya bila kugusa intaneti, na nilikuwa nimeweka Kiwix, programu ya kusoma kurasa za mtandao bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza humohumo ndani. Kwahiyo mikongo ilipokatika wanafunzi hata hawakujua, waliendelea na kazi zao za jiografia kama kawaida. Aliyejua ni kijana mmoja aliyemaliza pale miaka miwili nyuma, alikuja asubuhi kutuma maombi ya kazi, mwisho ilikuwa siku ileile saa kumi na mbili jioni. Kavaa shati la kupiga pasi, vyeti kaviweka kwenye bahasha ya kaki. Ukurasa ukawa unazunguka tu. Tukajaribu laini yangu, tukajaribu laini ya mwalimu wa hesabu, tukajaribu ya mlinzi. Saa nane akaniuliza, mwalimu, itarudi saa ngapi? Nikamwambia kaa tusubiri. Tukakaa wote wawili mpaka giza likaingia.